Isiolo: Mti haupandwi mara moja

Msomaji, ukifunga safari ya kwenda Isiolo, usikubali usingizi ukuchukue baada ya gari kupita Nanyuki. Wasafiri wengi hulala hapo, na wanapofumbua macho huwa wamekwisha kukosa sehemu iliyo tamu kuliko zote katika safari hiyo.

Gari hutoka Nairobi likapita Thika, Sagana na Karatina, kisha likafika Nanyuki, mji ulio juu ya mstari wa ikweta. Kutoka hapo hupanda hadi Timau, kwenye mashamba ya ngano na maua, na baridi ya Mlima Kenya hukulazimisha ufunge dirisha. Ukifika njia panda ya Subuiga, barabara ya Meru inaendelea mbele, nayo ya Isiolo inashika kushoto na kuanza kuteremka. Inateremka kwelikweli! Baada ya nusu saa hivi umekwisha kuvua sweta. Majani mabichi yamegeuka kuwa nyasi kavu, na mahali pa miti mirefu pamechukuliwa na migunga iliyotandaza matawi yake kama miavuli. Mbele yako kumetanda uwanda usiokuwa na mwisho. Umeshuka zaidi ya mita 1,000 tangu uipe Timau kisogo.

Liweke jambo hilo akilini, maana ndilo litakalotusaidia kuelewa yote yanayofuata. Isiolo huishi kwa maji ya mlima, lakini mvua ya mlima haifiki Isiolo.

Mji wa mlangoni

Isiolo iko yapata kilomita 280 kutoka Nairobi. Kwa miaka mingi lami ilikomea hapa, na dereva aliyekuwa akielekea Marsabit au Moyale aliaga lami kama mtu anayeaga ndugu zake. Siku hizi lami inakwenda moja kwa moja hadi Moyale na mpaka wa Ethiopia, lakini mji haujapoteza sura yake ya mlango wa Kaskazini.

Tembea katika mji huu asubuhi moja tu nawe utasikia lugha tano au sita kabla ya kumaliza chai yako. Kuna Waborana, Waturkana, Wasamburu, Wameru na Wasomali. Miongoni mwa Wasomali wa hapa wamo wajukuu na vitukuu vya askari waliopigana upande wa Uingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, kisha wakapewa makao hapa. Adhana ya alfajiri inasikika, na baadaye kidogo kengele ya kanisa nayo inajibu. Mitaani, katika Bula Pesa, Kulamawe na Kambi Garba, utawaona akina mama wakipakia mitungi ya maziwa ya ngamia katika mabasi yanayoelekea Nairobi. Ikiwa wewe ni mkazi wa Eastleigh, yamkini umekwisha kuyanywa maziwa hayo bila kujua yalikotoka.

Kanisa Katoliki hapa lina historia ndefu ya wamisionari wa Consolata. Eneo hili lilimegwa kutoka jimbo la Meru mwaka wa 1995 na kuwa vikarieti ya kitume, na mwaka wa 2023 likapandishwa cheo kuwa jimbo kamili. Askofu wake wa kwanza, Luigi Locati, aliuawa kwa risasi mjini humo mnamo Julai 2005, na kifo chake kingali kinakumbukwa. Kando ya Wakatoliki wako Wamethodisti, Waanglikana na makanisa mengi ya Kipentekoste, mengine yakiwa ya mabati matupu na madawati machache. Makanisa haya yote, makubwa kwa madogo, yanaishi katika ardhi moja kavu. Swali letu la Jumapili hii ni hili: kanisa linaweza kuifanyia nini ardhi hiyo?

Kiu ya kila mwaka

Mto mkuu wa eneo hili ni Ewaso Ng'iro. Huanzia katika milima ya Aberdare na Mlima Kenya, ukavuka Laikipia, ukapita Archer's Post katikati ya mbuga za Samburu na Buffalo Springs, kisha ukaenda kupotelea katika kinamasi cha Lorian. Mto Isiolo unaopita mjini nao huishia humo. Njiani maji hayo yana wenyewe wengi: mashamba ya maua, mashamba ya mboga, miji inayokua, mifugo na wanyama wa porini. Mwaka wa 1984 Ewaso Ng'iro ulikauka pale Archer's Post, na tangu hapo kukauka kwake wakati wa kiangazi kumekuwa jambo ambalo watu hulitazamia.

Kisha ukaja ukame wa miaka ya 2020 hadi 2023, ambapo misimu mitano ya mvua ilipita mfululizo bila mvua ya kutosha. Nchini Kenya kulikufa zaidi ya mifugo milioni 2, na Isiolo ilikuwa miongoni mwa kaunti zilizoumia sana. Mtu aliyekuwa na ng'ombe 40 alibaki na wanne, na aliyekuwa na wanne alibaki na fimbo.

Sasa fikiri, msomaji. Mtu aliyebaki na fimbo atakula nini? Jibu utaliona kando ya barabara: magunia ya makaa yamesimama mmoja mmoja, yakingoja lori. Mgunga uliokua kwa miaka 40 huangushwa kwa siku moja. Kivuli kinaondoka, na yale maganda ambayo mbuzi waliyaokota chini yake wakati wa njaa yanaondoka pia. Ngamia anakosa majani ya kutafuna, na maziwa ya kupeleka Eastleigh yanapungua. Malisho yakipungua, wachungaji wa kabila moja husogea katika malisho ya kabila jingine, na hapo ndipo bunduki huanza kulia. Kwa hiyo tunapozungumza juu ya miti huku Isiolo hatuzungumzii mapambo ya ua wa kanisa. Tunazungumzia amani na uhai.

Mti wa sherehe

Hapana shaka umewahi kuona upandaji wa miti wa sherehe. Mgeni wa heshima huja, huvalishwa kofia, hushikishwa mche, picha hupigwa, makofi hupigwa, na wote huenda kula. Desemba mwaka wa 2022 serikali ilitangaza nia ya kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka wa 2032, na Novemba 13 mwaka wa 2023 taifa zima lilipewa siku ya mapumziko ili watu wapande miti. Nia ni njema. Lakini katika nchi kavu kama Isiolo, siku ya kupanda ndiyo siku nyepesi kuliko zote. Siku ngumu ni ya kumi na tano, ambapo hakuna mvua, mgeni wa heshima amekwisha kurudi Nairobi, na mbuzi wa jirani anauona ule mche kama karamu aliyoandaliwa yeye.

Hapa ndipo kanisa lina kitu ambacho taasisi nyingine nyingi hazina. Kanisa hurudi. Mgeni huja mara moja kwa mwaka, mradi huja kwa miaka mitatu kisha gari lake huondoka, lakini waumini hurudi mahali pale pale kila Jumapili, mwaka baada ya mwaka. Na mche katika nchi kavu unahitaji kitu hicho hicho: mtu wa kurudi. Ukimwagiliwa kila juma katika misimu miwili ya kiangazi, mizizi yake hushuka chini ikajitafutia. Ukiachwa majuma machache tu, basi. Mti haupandwi mara moja; hupandwa kila juma mpaka utakapoweza kusimama wenyewe.

Hesabu ya paa

Utaniuliza, maji yatatoka wapi, ikiwa watu wenyewe wanapanga foleni na madebe? Tazama juu. Katika mitaa mingi ya Isiolo, paa kubwa kuliko yote ni la kanisa, la msikiti au la shule.

Chukua kalamu tufanye hesabu pamoja, na watoto wanaosoma ukurasa huu wasaidie. Kanisa lenye urefu wa mita 20 na upana wa mita 10 lina paa la mita mraba 200. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita mraba 1 hutoa lita 1. Basi mvua moja nzuri ya milimita 10 itamwaga lita 2,000 juu ya paa hilo. Mwaka ukipata milimita 500, hizo ni lita 100,000. Tuseme sehemu moja kwa tano inapotea kwa kurukaruka na kuvuja. Bado zinabaki lita 80,000. Maji hayo yote, mahali pasipo na mifereji wala tangi, huteremka ukutani yakachimba msingi wa kanisa, kisha yakakimbilia korongoni pamoja na udongo.

Sasa tuangalie mahitaji. Mche mmoja unaweza kuishi kwa lita 10 kwa juma ukitunzwa vizuri. Kiangazi kirefu, tangu mwanzo wa Juni hadi katikati ya Oktoba, ni majuma 20 hivi. Miche 40 itahitaji lita 8,000. Tangi moja la lita 10,000 lililojaa mvua za Aprili na Mei linatosha, tena na akiba kidogo. Harambee ya tangi moja si ndogo kwa waumini maskini, lakini si kubwa kuliko harambee ya vipaza sauti ambayo makanisa mengi yamekwisha kuifanya.

Na kanisa lisiloweza kununua tangi? Hata hilo lina njia. Waumini 200 wakija ibada kila mmoja na chupa ya lita moja ya maji yaliyokwisha kuoshea mboga au mchele, hizo ni lita 200, nayo ni sehemu ya miche 20. Haba na haba hujaza kibaba. Chupa zenyewe ziwe zile za plastiki zilizozagaa mitaroni. Ukitoboa tundu dogo katika kifuniko na kuichomeka chupa kichwa chini kando ya mche, maji hutona polepole hadi kwenye mizizi badala ya kukaushwa na jua.

Upandaji wenyewe pia una maarifa yake. Shimo liwe la futi mbili kwenda chini na futi mbili upana, na udongo uchanganywe na samadi, ambayo Isiolo haikosi. Chini ya mche, upande wa mteremko, jenga tuta la udongo lenye umbo la mwezi mchanga ili mvua ikija isikimbie. Tandaza majani makavu juu, kisha zungushia miiba. Panda mvua inapoanza, usingoje inapokwisha.

Na chagua mti unaojua kuishi hapa: mgunga, mkwaju, mlonge, mwarobaini kwa kivuli. Mkaratusi una kiu kubwa mno kwa mahali kama hapa. Na kumbuka habari za mathenge, mti ulioletwa katika nchi kavu za Kenya katika miaka ya 1970 na 1980 ili kuzuia jangwa, ukaishia kuvamia malisho na kingo za mito huko Baringo na kwingineko. Si kila kijani ni baraka.

Usimhubirie mwenye njaa

Kuna kosa ambalo ni rahisi kulifanya juu ya mimbari, nalo ni kumkaripia mchoma makaa. Mama aliyeketi benchi la nyuma anajua kuwa kukata mgunga ni vibaya. Anajua kuliko mhubiri, maana ni yeye anayetembea mbali zaidi kila mwaka kuutafuta mwingine. Anachokosa ni karo ya shule ifikapo Jumatatu.

Kanisa linalotaka kumsaidia litaanza na swali jingine: mti uliosimama unaweza kumlipa nini? Jibu la kwanza ni asali. Migunga huchanua vizuri, na mzinga mmoja ukitundikwa juu yake huufanya mti uwe na mwenyewe wa kuulinda. Jibu la pili litakushangaza, msomaji. Ule ubani unaofukizwa madhabahuni siku za sikukuu, na katika nyumba za Pwani kila jioni, ni utomvu wa miti ya nchi kavu, na mmoja wa miti hiyo huota katika nyika za Isiolo, Wajir na Marsabit. Manemane nayo hutoka katika jamii ya miti ya huku huku. Utomvu huo huokotwa mti ukiwa hai. Ukiukata umekata duka lako. Hebu fikiri jinsi ingekuwa vizuri kama makanisa ya Nairobi, Nakuru na Mombasa yangeulizia ubani wa Isiolo na kuununua kwa bei ya haki kutoka kwa vikundi vya akina mama. Hapo moshi unaopanda madhabahuni ungekuwa umemlisha mtu kabla ya kufika mbinguni.

Jambo la tatu ni jiko. Jiko lililokandikwa udongo ndani, ambalo lilianza kuenea Kenya katika miaka ya 1980, hula makaa machache kuliko jiko la bati tupu. Katika jumuiya ndogo ndogo za Kikatoliki, na katika vikundi vya akina mama vya makanisa mengine, watu hukutana nyumba kwa nyumba kila juma. Vikundi hivyo vinajua nani ana jiko gani. Vikianzisha mchango wa kuzunguka, kila mwezi nyumba moja ikapata jiko bora, baada ya mwaka nyumba 12 zimepunguza makaa bila mfadhili yeyote.

Wazee wa malisho na jirani wa Ijumaa

Kanisa likidhani kwamba ndilo linaloleta elimu ya mazingira Isiolo, litakuwa limejidanganya. Waborana wa eneo la Waso walikuwa na sheria za ardhi kabla ya mmisionari wa kwanza kufika. Malisho yao hugawanywa kwa majira: kuna ya wakati wa mvua, kuna ya kiangazi, na kuna yaliyowekwa akiba kwa ajili ya ukame mkali. Wazee wa malisho, waitwao jarsa dedha, ndio huamua lini watu wahame na lini wasiguse akiba. Penye visima, mzee anayeitwa aba herega hupanga zamu ya kunywesha, na mwenye ng'ombe 100 hawezi kumsukuma mwenye mbuzi kumi. Hekima hiyo imepigwa na mengi: silaha, mipaka ya kisiasa, watu kuongezeka na ukame unaokuja haraka kuliko zamani. Lakini haijafa. Kasisi au mchungaji mwenye busara ataketi na wazee hao kwanza, ndipo apange lolote juu ya miti nje ya ua wake.

Pia kuna jirani wa Ijumaa. Isiolo ina Waislamu wengi sana, na maji ya mto hayaulizi dini ya anayechota. Mafundisho ya dini zote mbili yanakutana hapa. Wakristo husoma kwamba mtu wa kwanza aliwekwa katika bustani ili ailime na kuitunza. Waislamu nao hufundishwa kwamba anayepanda mti, kila kiumbe atakayekula humo humwandikia sadaka. Kisiwani Misali, karibu na Pemba, mwishoni mwa miaka ya 1990 wavuvi walianza kufundishwa kuhifadhi matumbawe na samaki kwa kutumia mafunzo ya Kurani, na wengi walilipokea somo hilo kwa moyo kuliko amri za serikali. Basi kitu gani kinazuia kanisa na msikiti wa mtaa mmoja kuwa na kitalu kimoja cha miche? Ijumaa hawa wamwagilie, Jumapili wale wamwagilie, na mche upate maji mara mbili kwa juma. Vijana waliomwagilia mti mmoja watakuwa na haya kidogo siku watakapochochewa kupigana.

Mifano ya karibu

Huhitaji kwenda mbali kuona kwamba haya si ndoto. Ukiwa Isiolo, tazama kusini mashariki na utaona vilima vya Nyambene vimefunikwa na ukungu. Huko, katika eneo la Tuuru, wamisionari walikuwa na makao ya watoto wenye ulemavu na hawakuwa na maji. Bruda mmoja Mtaliano wa shirika la Consolata, marehemu Giuseppe Argese, ambaye Wameru walimpa jina la Mukiri, yaani mtu mnyamavu, aligundua kwamba miti ya msitu wa Nyambene hukamata ukungu na kuudondosha chini kama mvua. Akayakusanya maji hayo pale Mukululu, akayaongoza kwa mabomba yanayoteremka bila pampu, hadi yakawafikia maelfu kwa maelfu ya watu katika sehemu kavu za Igembe. Somo lake ni wazi: bomba huanzia kwenye jani. Msitu ukikatwa, mfereji utatoa upepo.

Fuata sasa ile barabara ya lami kuelekea kaskazini, uvuke mpaka wa Moyale na uendelee hadi nyanda za juu za kaskazini mwa Ethiopia. Huko misitu mingi ya asili imekwisha, lakini ukitazama kutoka juu utaona vidoa vya kijani vilivyotawanyika katikati ya mashamba. Katikati ya kila kidoa kuna kanisa la Kiorthodoksi. Waumini waliiacha miti hiyo kwa karne nyingi kwa kuwa waliihesabu kuwa vazi la nyumba ya Mungu, na leo ndimo zilimobaki mbegu, nyuki na chemchemi. Nchini Tanzania, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, Askofu Fredrick Shoo wa Kanisa la Kilutheri alihimiza upandaji hadi akajulikana kama Askofu wa Miti.

Hapa kwetu, Profesa Wangari Maathai, aliyesomeshwa na masista wa Kikatoliki, alianzisha Vuguvugu la Ukanda wa Kijani mwaka wa 1977 pamoja na akina mama wa vijijini. Akina mama hao walipata malipo kidogo kwa mche uliothibitika kuwa hai, si kwa mche uliopandwa tu. Naye marehemu Papa Francis, aliyetoa waraka wake wa Laudato Si' mwaka wa 2015, alizuru Nairobi Novemba mwaka huo huo na kupanda mti katika makao ya Umoja wa Mataifa pale Gigiri.

Yako wewe

Huenda unasoma haya ukiwa Buruburu au Nyali na kusema: hayo ni ya watu wa Isiolo. La! Mengi ya makaa yanayokatwa nyikani hayapikii nyikani. Hupanda lori yakaja mjini kwako. Kabla ya kumlaumu mchoma makaa, kagua jiko lako.

Kagua na kanisa lako pia. Tangu Agosti 28 mwaka wa 2017 mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Kenya, na anayekamatwa anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi milioni 4 au kufungwa miaka hadi minne. Wafugaji walishukuru, kwa sababu mbuzi aliyemeza mfuko hufa taratibu huku tumbo limejaa. Lakini katika harusi na harambee zetu bado tunaacha nyuma marundo ya chupa na sahani za kutupa. Kikundi cha vijana kinaweza kununua sahani za bati mara moja na kuzikodisha kwa kila harusi. Kanisa litapata pato na jalala litapumzika. Darasa la kipaimara linaweza kumpa kila mtoto mti wake wa kuutunza kwa miaka miwili, na cheti kisitolewe kabla mzee wa kanisa hajauona mti ukiwa na majani. Wewe mwanafunzi unaweza kupima paa la shule yenu na kupiga ile hesabu ya lita, kisha umpelekee mwalimu mkuu karatasi.

Na siku utakapofika Isiolo, nenda Ewaso Ng'iro uone tembo wakivuka. Kunywa maziwa ya ngamia yakiwa bado na harufu ya moshi. Jumapili uingie kanisa lolote utakalolikuta, na baada ya ibada uzunguke nyuma ya jengo. Ukiona miche imezungushiwa miiba, usiulize ilipandwa mingapi. Uliza ni mingapi iliyopita viangazi viwili, na ni nani anayeimwagilia. Ukitajiwa jina la mtu, ujue kanisa hilo limekwisha kuanza kazi. Kisha mpe mtu huyo chupa yako ya maji, iliyobaki nusu, amalizie mche wa mwisho.